UZI: Tarantula wa Asia wanaochimba – kuwatambua, kuwajengea na kuwahamisha hapa Nairobi

#1 Lenzi_Kumi

Wadau, hamjambo. Maswali yanayoingia humu kila wiki ni mawili: "huyu ni nani?" na "mbona mkali hivi?" Nayaweka kwenye uzi mmoja kwa sababu yanajibiana. Ukishajua kwamba uliyenaye ni tarantula (buibui mkubwa mwenye nywele) wa Asia anayechimba mashimo, basi ukali wake karibu wote unaelezwa na udongo uliompa.

Tuanze na kumtambua. Jina aliloandika muuzaji kwenye mkebe liache kando, chukua tochi na lenzi.

Angalia tumbo kwanza. Tarantula wengi wa Amerika wana nywele za kuwasha juu ya tumbo, nao wakikereka huzipangusa kwa miguu ya nyuma na kubaki na kipara. Wa Asia na wa Afrika hawana nywele hizo kabisa. Silaha yao ni mbio, chonge na sumu, ndiyo maana hawakupi onyo refu.

Halafu hakikisha si wa kwetu. Kenya tuna Pelinobius muticus, mkubwa, wa rangi ya kutu, na jike lake lina miguu ya nyuma minene iliyopinda, huwezi kuisahau ukiiona mara moja. Tuna pia jamii ya Pterinochilus, wenye mistari inayotawanyika mgongoni kama miale na utando mwingi mno juu ya ardhi. Hao wote huchimba na ni wakali, kwa hiyo mtu asiyejua humuuza mmoja kwa jina la mwingine. Kisheria tofauti ni kubwa, nitaifikia.

Sasa wa Asia wenyewe. Wachimbaji wanaozungumzwa sana wako kwenye matawi mawili.

Tawi la kwanza ni Ornithoctoninae. Humo kuna Cyriopagopus, ambao vitabu vya zamani vinawaita Haplopelma. Jina hilo liliunganishwa na Cyriopagopus mwaka 2015, kwa hiyo ukikuta Haplopelma lividum na Cyriopagopus lividus, ni buibui yule yule. Lividus anatoka Myanmar na Thailand. Jike lililokomaa lina miguu ya buluu iliyoiva, ngao ya mgongo (gamba gumu la sehemu ya mbele ya mwili) ya kijivu-kahawia, na tumbo la kijivu lenye alama nyeusi kama mabawa yaliyokunjwa. Miguuni hana mchirizi mweupe. Ukiona michirizi myeupe inayotembea kwa urefu kwenye miguu ya kahawia, huyo ni albostriatus, yule ambaye Kambodia watu humkaanga na kumla, mji wa Skuon unajulikana kwa hilo. Ukiona mweusi tii miguuni na tumbo la kahawia lenye mistari, fikiria minax. Kisha kuna kundi la rangi ya dhahabu iliyofifia, wa Vietnam na kusini mwa China: schmidti, vonwirthi, hainanus. Hawa usiwatenganishe kwa picha. Andika "Cyriopagopus, spishi haijulikani" kwenye kibandiko na utakuwa umesema kweli.

Tawi la pili ni Selenocosmiinae, ambamo yumo Chilobrachys. Hawa wanajitambulisha kwa sauti. Upande wa ndani wa sehemu ya chini ya mikono ya mdomo (ile miwili mifupi kama miguu, kando ya mdomo) kuna kundi la nywele nene zenye ncha pana kama makasia, na kwenye taya kuna nyingine kama sindano. Zikisuguana hutoa mlio wa kuzomea unaousikia vizuri ukiwa hatua mbili tatu. Pia hufuma zaidi: mdomo wa shimo unakuwa na pazia la utando lililosambaa hadi pembe za boksi, wakati Cyriopagopus anatosheka na kola ya utando mlangoni.

Yule wa buluu-zambarau aliyekuwa akiuzwa miaka mingi bila jina la kisayansi alipata jina mwaka 2023: Chilobrachys natanicharum, kutoka Thailand, wa misitu ya mikoko na misitu ya kijani kibichi mwaka mzima. Buluu yake, kama ya lividus, haitokani na rangi iliyomo kwenye nywele. Inatokana na umbile dogo sana la nywele zenyewe linavyorudisha mwanga. Ndiyo maana chini ya balbu ya manjano anaonekana mweusi tu, na watu wanadai wametapeliwa. Mmulike kwa mwanga mweupe ukitokea pembeni.

Onyo la mwisho kuhusu rangi: watoto wote ni kahawia au kijivu, na dume la lividus likikomaa hubaki la kahawia ya shaba. Mtu akikuuzia "buluu" wa sentimita mbili, unanunua ahadi.

#2 Mwanafunzi_Rongai

Asante sana mkuu. Ninaye mmoja mwenye miguu ya buluu, upana wa miguu (ncha ya mguu hadi ncha ya mguu wa upande wa pili) kama sentimita 10. Yupo kwenye mkebe wa plastiki wenye udongo wa sentimita 5 na gome la mti la kujificha. Kila nikifungua anasimama, miguu ya mbele juu, na anapiga kifuniko. Usiku anazunguka kutani. Nimempa maji ya kunyunyizia kila siku. Tatizo ni nini?

#3 Udongo_Mwekundu

Ndugu yangu, tatizo ni zile sentimita 5. Huyo mnyama porini anaishi kwenye shimo linalokwenda chini kupita urefu wa mkono wako, mlango mmoja, giza, ubaridi na unyevu. Umemweka uwanjani. Anayezunguka kutani usiku anatafuta pa kuchimba, na anayesimama kila kifuniko kikifunguka hana pa kurudi nyuma. Mpe kina, na utakuwa na buibui unayeona ncha za miguu yake saa tatu usiku na akisikia kishindo anazama. Hiyo ndiyo hali yake ya kawaida.

Kwa aliyekomaa boksi liwe sentimita 30 kwa 30, kimo 40. Fundi wa vioo yeyote anakukatia na kukugandishia kwa silikoni isiyo na dawa ya kuvu, au tumia ndoo ya mraba ya plastiki inayopitisha mwanga. Udongo ujae hadi sentimita 28. Zibaki 12 tu juu, wala usione ni kidogo: tarantula akipanda kuta na kuanguka kutoka juu, tumbo huweza kupasuka. Nafasi ya juu isizidi sana upana wa miguu yake.

Hesabu yake ni lita 25 za udongo uliokwisha shindiliwa, kwa hiyo changanya lita 30 za udongo mkavu:

– lita 15 za udongo mwekundu, ule wa Kiambu, Karen au Westlands, uliochimbwa kwenye kina kinachopita futi moja ili uepuke mbolea na mizizi. Usiuchukue shambani kunakopuliziwa dawa wala kando ya barabara. Uchekeche kwa wavu wa milimita 5 na uanike juani siku mbili.
– lita 10 za vumbi la makumbi ya nazi. Vitalu vya miche vya kando ya barabara wanauza matofali yake. Tofali la kilo 5 likilowa linatoa zaidi ya lita 60, kwa hiyo kata kipande tu. Lioshe mara tatu na kulikamua, kwa sababu makumbi ya pwani huwa na chumvi.
– lita 5 za mchanga wa mto uliooshwa.

Watu wa Embakasi, Syokimau na Athi River, tafadhali msitumie udongo mweusi wa huko kwenu. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza kidole. Shimo linaporomoka na mwenyewe yumo ndani. Na wale wanaojaza vumbi la nazi tupu, hilo halishiki umbo. Mtaro unajifunga kila akipita, naye anakata tamaa na kukaa juu.

Kipimo cha unyevu ni ngumi. Finya konzi moja ya mchanganyiko: ukifungua mkono donge libaki zima, lenye alama za vidole vyako, na kati ya vidole lisitoke hata tone. Ukiligusa kwa kidole gumba livunjike vipande viwili vitatu, si kuwa unga. Likitoa maji, lianike zaidi. Likisambaratika, ongeza kikombe kimoja cha maji kwa lita 10 na ukoroge upya.

Jaza tabaka la sentimita 5, shindilia kwa kipande cha mbao hadi lisibonyee kwa kidole, kisha tabaka jingine. Hapa ndipo wengi wanachoka na kumwaga yote kwa pamoja, halafu wanashangaa mbona shimo limeanguka. Katikati ya kazi simamisha pembeni bomba la plastiki la nusu inchi linalofika karibu na sakafu, mdomo wake wa chini ukiwa umefungwa kwa kipande cha wavu. Hilo ni la maji.

Ukimaliza, chukua mpini wa fagio au wa jembe, unene wa sentimita 4, na uusukume kwa mshazari kandokando ya kioo cha mbele hadi kina cha sentimita 12. Zungusha, toa. Hilo ni shimo la kumwanzishia. Weka gome lake juu ya mlango. Usiku wa kwanza au wa pili ataingia na kuendeleza mwenyewe, utaona vidonge vya udongo vimetupwa nje.

Na uache kunyunyiza. Maji ya kunyunyiza yanalowesha juu, penye ukungu, na kuacha chini pakavu, anapoishi. Mimina mililita 300 hadi 400 kwenye bomba, polepole. Kwenye kioo utaona udongo wa chini umekuwa mweusi na mstari wake unapanda. Theluthi moja ya chini ikiwa nyeusi, inatosha. Mstari ukishuka, mimina tena. Januari na Februari huenda ikawa kila wiki mbili, Julai hata wiki tano. Uso wa juu uachwe ukauke, na kifuniko kidogo cha chupa chenye maji ya kunywa kikae pale kila siku.

Jambo moja la uzito: boksi hili likijaa linapita kilo 30. Rafu ya kabati la nguo hailibebi.

#4 Nyenje_Juja

Naongezea matundu ya hewa. Toboa pande mbili zinazotazamana, juu ya usawa wa udongo, matundu kama 20 kila upande ya milimita 4. Plastiki itoboe kwa msumari uliopashwa moto, si kwa kisu, maana kisu kinaacha ufa unaozidi kukua. Kifuniko cha wavu kiepuke: kucha za miguu zinanasa, na wavu wa plastiki anautafuna usiku mmoja.

Kwa watoto hesabu inabadilika. Mkebe wa mililita 100, udongo theluthi mbili, na tundu liwe dogo kuliko ngao yake ya mgongo. Ngao ikipita, mwili wote unapita, tumbo linajibana. Milimita 1 kwa walio wadogo kabisa.

Chakula. Nyenje wanafugwa sana siku hizi, huku Juja na kwingine, kwa ajili ya chakula cha watu na cha kuku, kwa hiyo huna sababu ya kukamata mende jikoni. Mende wa nyumbani anaweza kuwa amepita kwenye dawa, na dozi isiyomuua yeye inatosha kumuua buibui wako. Aliyekomaa: nyenje mmoja mkubwa kila siku 10 hadi 14. Wa kati: kila wiki. Watoto: mara mbili kwa wiki, nyenje mdogo asiyezidi urefu wa tumbo lake, au mguu wa nyenje aliyeuawa uwekwe mlangoni mwa shimo. Funza wa unga wapondwe kichwa kwanza, la sivyo wanachimba na kuibuka buibui akiwa amelala chali anajivua gamba.

Chakula kisichoguswa kwa saa 24 kitolewe. Nyenje mwenye njaa humtafuna tarantula aliye laini. Tena mabaki yasiyotolewa ndiyo huleta utitiri. Ukiona vijidudu vyeupe vinavyotambaa taratibu na kujikusanya kwenye mabaki, ni utitiri, toa mabaki na uache uso wa udongo ukauke. Wale weupe wanaoruka ukiwapulizia ni wasafishaji, waache, wanakula ukungu.

#5 Mwanafunzi_Rongai

Nimeelewa, mkuu. Na baridi? Huku kwetu Julai asubuhi mkono unakufa ganzi. Nilifikiria ile mati ya joto iwekwe chini ya boksi.

#6 Udongo_Mwekundu

Usiweke chini. Mchimbaji akisikia joto anafanya anachojua, anachimba kwenda chini kutafuta ubaridi, na wewe chini ndiko ulikoweka moto. Anazidi kushuka na kuzidi kuungua, na udongo wa chini unakauka kabla ya wa juu.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Julai usiku hushuka hadi nyuzi 11 au 12 nje, na ndani ya nyumba ya mawe isiyo na jua unakuta 17 au 18. Hawa wanataka 22 hadi 26. Wakiwa kwenye 18 wakubwa hawafi, wanapunguza kula na kuchelewa kujivua gamba, basi usiwalazimishe chakula. Watoto ndio wanaoumia, hasa baridi ikiambatana na udongo uliolowa chapachapa.

Njia rahisi ni kupasha kabati badala ya boksi. Mati au waya wa joto ubandikwe ukuta wa nyuma wa kabati, sentimita kadhaa mbali na maboksi, uunganishwe na themostati (kifaa kinachowasha na kuzima joto chenyewe) iliyowekwa 25, na kichunguzi chake kigusane na ubavu wa boksi usawa wa udongo. Bila themostati usiwashe. Chumba kinachopata jua la mchana kikiwa na 21 na zaidi, hauhitaji chochote.

Stima ikipotea, funika maboksi kwa blanketi bila kuziba matundu. Lita 25 za udongo wenye unyevu hazipoi kwa saa mbili tatu. Ila nawaomba sana, msiingize jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha kwa ajili ya buibui. Hewa ya makaa huua watu waliolala, hapa mjini tunajua.

Na dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya duara, isiwashwe chumba kimoja nao. Kiini chake ni cha jamii moja na pareto yetu ya Nakuru, kinachomwangusha mbu kinamwangusha tarantula. Dalili ni kutetemeka, miguu kukosa mpangilio, na kuzungukazunguka. Mtoe haraka penye hewa safi na umpe maji. Wengine hupona.

#7 Kasarani_Mlinzi

Kumhamisha sasa, maana hapo ndipo watu wanapong'atwa. Mwanafunzi, wewe unatoka mkebe mdogo kwenda mkubwa, fanya hivi.

Chumba kiwe bafu. Tundu la maji lizibwe, taulo liwekwe chini ya mlango, ndoo na mabeseni yaondolewe. Muwe wawili. Andaa kibano cha sentimita 30, brashi laini ya kupaka rangi, chupa ya soda ya lita 2 iliyokatwa kitako, na kadi ngumu inayofunika mdomo huo uliokatwa. Boksi jipya liwe tayari kabisa, shimo limeshaanzishwa, kifuniko kiko karibu.

Weka mkebe wake, ukiwa umefungwa, ndani ya beseni pana lenye kuta ndefu. Fungua. Usimguse kwanza, mwache sekunde 30 aone mwanga. Ondoa gome kwa kibano, mkono usivuke juu ya mkebe. Mfunike kwa chupa, mdomo mdogo ukiwa umefungwa kizibo. Telezesha kadi chini yake taratibu hadi miguu yote iwe imepanda juu ya kadi. Ukimbana mguu atauacha pale pale. Inua chupa na kadi pamoja, peleka kwenye boksi jipya, lenga mdomo mpana kwenye lile shimo la mpini, vuta kadi. Kama hatoki, fungua kizibo na umpapase miguu ya nyuma kwa brashi. Ya nyuma, si ya mbele. Ukimgusa mbele atageuka na kupanda mpini wa brashi kuja kwako, na mbio zake huwezi kuzishindana nazo.

Akitoka mbio, usimkamate. Simama tuli. Karibu kila mara anakimbia sekunde chache, anatafuta pembe yenye giza na kusimama. Hapo ndipo unapomfunika kwa chupa. Anayempiga kwa mkono ili asimtoroke ndiye anayeng'atwa.

Aliyekwisha kuchimba kina kirefu hachimbuliwi kwa mwiko. Ondoa udongo kijiko kwa kijiko kuanzia upande ulio mbali na shimo, ukikaribia mtaro uache ubomoke wenyewe kidogo kidogo, chupa ikiwa imesubiri mlangoni. Ndiyo maana nawashauri mhamishe mara mbili tu maishani mwake: kutoka mkebe wa mtoto kwenda chupa ya lita 3, kisha boksi la mwisho.

#8 Lenzi_Kumi

Nimalizie kuumwa na sheria.

Sijaona kumbukumbu ya mtu aliyekufa kwa sumu ya tarantula, na hakuna dawa maalumu ya kuipinga. Lakini wa Asia wanaumiza: maumivu makali, uvimbe, misuli kukaza, na kwa wengine mkazo huo unarudi siku kadhaa. Sumu ya C. schmidti ina kijenzi kiitwacho huwentoxin-IV kinachoziba mlango mmoja wa sodiamu kwenye neva, ule ule unaohusika na kuhisi maumivu, na watafiti wanakichunguza kwa ajili ya dawa. Ukiumwa: osha kwa sabuni na maji, vua pete na saa kabla mkono haujavimba, weka barafu iliyofungwa kitambaa dakika 10 na kupumzisha dakika 10, meza paracetamol. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Misuli ikikaza, kifua kikibana, pumzi ikipungua, midomo ikivimba au ukitapika, nenda hospitali mara moja na umtajie daktari jina kamili la kisayansi. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Sheria: Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Kuchukua Pelinobius porini, kumuuza au kumtuma nje bila kibali ni kosa, hata kama ni buibui. Wanaodhani wadudu hawahesabiwi wakumbuke kesi ya Mei 2025 kwenye mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi: washtakiwa wanne wa kusafirisha malkia wa chungu, faini shilingi milioni 1 kila mmoja au jela miezi 12. Kwa mgeni wa Asia, waandikieni KWS (shirika la serikali la wanyamapori) kabla ya kununua na mtunze majibu yao pamoja na risiti. Mkipewa Poecilotheria, yule wa India na Sri Lanka anayeishi mitini, jamii hiyo yote iko kwenye orodha ya pili ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) tangu 2019, haivuki mpaka bila karatasi. Tena usimwachilie yeyote wa Asia kwenye misitu ya Karura au Ngong eti umemhurumia. Ukishindwa, mrudishe kwa mfugaji mwingine.

#9 Mwanafunzi_Rongai

Nimemhamisha salama, ameingia shimoni usiku ule ule na hasimami tena. Maswali mawili ya mwisho. Nitajuaje kama ni jike? Na nikikuta amefunga mlango kwa udongo na utando, niache kwa muda gani?

#10 Lenzi_Kumi

Jinsia iko kwenye gamba analojivua. Atalisukuma nje au utalikuta mlangoni limekunjamana kama karatasi iliyolowa. Usilivute likiwa kavu. Liweke kwenye sahani yenye maji ya uvuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo kwa dakika 20, kisha lifunue sehemu ya tumbo kwa vijiti viwili vya meno, upande wa ndani ukitazama juu. Utaona mabaka manne meupe, hayo ni mapafu. Tazama kati ya yale mawili yaliyo karibu na miguu, kwa lenzi ya mara 10, ukimulika kutoka chini. Jike lina kikunjo cha ngozi kinachosimama na vifuko vidogo vyeusi zaidi, vinavyopepea ukivigusa kwa ncha ya kijiti. Dume halina kitu hapo, ni mstari tu. Chini ya upana wa miguu sentimita 5 rudia kwenye gamba linalofuata kabla ya kuamini. Tofauti hiyo si ndogo: jike linaweza kupita miaka 10 nawe, dume likishakomaa na mikono yake ya mbele kuvimba ncha kama glovu, hubaki na miezi.

#11 Udongo_Mwekundu

Na mlango ukifungwa, usifungue. Anajiandaa kujivua gamba, au ameshiba, au ni baridi. Aliyekomaa anaweza kujifungia miezi miwili na zaidi. Kazi yako ni mstari wa unyevu kwenye kioo: mimina maji kwenye bomba kama kawaida, jaza kifuniko cha chupa, usitupie nyenje. Ukitaka kuchungulia, subiri usiku na utumie tochi yenye mwanga mwekundu upande wa kioo ambako mtaro umepita. Ukimwona chali, miguu imetanuka, huyo anajivua gamba, zima tochi na usitikise rafu. Ukimwona amekunja miguu yote chini ya mwili kama ngumi, huenda udongo umekauka: mimina nusu lita polepole jioni hiyo hiyo, na umwekee maji mlangoni.

Akifungua mwenyewe, usimlishe siku hiyo. Chonge mpya hutoka nyeupe, zinageuka nyekundu, kisha nyeusi. Kwa wa ukubwa wako hesabu siku 10 hadi 14, kisha umpe nyenje wa wastani, si mkubwa.

#12 Mwanafunzi_Rongai

Nimeandika tarehe kwenye kibandiko. Mstari uko sentimita 9 kutoka chini.

#13 Udongo_Mwekundu

Sentimita 9 kati ya 28 ni sawa kabisa. Usimwage maji hadi ushuke kwenye 6.